Lenzi ya Mrusi na Uso wa Mwanatumu

Kuze, Mombasa
14 Januari 2024

Fairuz, binti wa marehemu ndugu yangu, uliyelelewa na mikono yangu na makelele yangu,

Salaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, na wewe huko Maskati twakuombea hivyo. Mwanatumu yuwalalamika kutwa, kwa hivyo najua mzima. Paka kazaa tena nyuma ya pipa la maji. Roshani ya jirani imeanguka. Hakufa mtu, kafa kuku mmoja, na kuku mwenyewe alikuwa mgomvi, hakuna aliyemlilia.

Najua washangaa, barua siku hizi? Simu ya nyumba hii ni ya mke wangu, na mimi nikizungumza kwa simu wanisikia mpaka Marikiti. Jambo hili sitaki Mwanatumu alisikie. Nimempa Mzamil, huyu mwuza mabuibui anayekuja huko kwenu kuchukua vitambaa, na nimemwambia akimwonyesha Mwanatumu bahasha nitamtangaza msikitini kuwa mabuibui yake yachuja rangi.

Sasa sikiza. Ami yako sikukanyaga shule, kusoma nimejifunza kwa vibao vya maduka, lakini kwa picha mji huu wanijua. Mabwana harusi wote wa Kuze walisimama mbele yangu. Mmoja alikuja shavu limevimba kwa jino, nikampiga kwa upande, na mpaka leo wajukuu zake wadhani babu yao alikuwa mzuri. Na yote hayo kwa lenzi moja, ile ya milimita hamsini na nane, niliyopewa Kilindini na baharia wa Kirusi baada ya kumshinda kula pilipili. Yeye akalia, mimi nikaomba nyingine.

Lenzi ipo. Kamera yake ndiyo iliyokufa, na filamu siku hizi hakuna wa kuisafisha. Nimesikia zimetoka kamera ndogo, hazina kile kioo cha ndani kinachoruka ukibonyeza, na ati zakubali lenzi za zamani, watia pete tu katikati. Wewe wafanya kazi duka la kamera. Nichagulie. Iwe ndogo, iingie mfuko wa kanzu.

Ni ya kumpiga Mwanatumu. Umri wote huu, mke wa mpiga picha hana picha. Kila nikiinua kamera ajifunika leso, asema, "Nipige siku nikiwa mzuri," nami nangoja kama mjinga. Sasa nautaka uso wake, mmoja, safi, kwa lenzi yangu, kabla. Kabla ya nini usiniulize.

Ami yako,
Gharib, mpiga picha wa masultani (wawili walikataa)


Ruwi, Maskati
9 Februari 2024

Ami yangu,

Shikamoo, na mikono yako naibusu. Mimi mzima, kazi nyingi, baridi ya huku ndiyo inakwisha. Kila Jumamosi naongea na Ma Mwanatumu, lakini siku hizi hukata simu mapema, husema mkate unaungua. Mkate gani huo, ami, unaoungua kila Jumamosi?

Barua yako imenichekesha dukani mpaka mwenye duka akaja kuuliza nina nini. Nilipokuwa mdogo lenzi hiyo ulipewa na nahodha wa Kigiriki uliyemwokoa asizame. Sasa ni Mrusi na pilipili. Haya.

Ulilosikia ni kweli. Kwa kuwa ndani hamna kioo, kamera hizi ni nyembamba, na ile nafasi iliyopungua ndiyo inayojazwa na pete, lenzi yako ikakaa umbali uleule iliouzoea. Nimekutazamia tatu. Moja ni ndogo kabisa, kama kipande cha sabuni, lakini haina kitundu cha kuchungulia. Utatazama skrini ya mgongoni tu, na penye jua huoni kitu. Nyingine ina kitundu na bado ni ndogo, ila kile kibamba kinachokaa mahali pa filamu ni nusu tu, kwa hivyo lenzi itakata picha kana kwamba umemsogelea mtu. Itabidi urudi nyuma, na chumba chenu nakijua, ukirudi nyuma utatokea dirishani. Ya tatu imezidi kidogo kwa ukubwa, na kibamba chake ni kizima kama filamu. Lenzi itaona kama ilivyokuwa ikiona. Ina kitundu, na ndani ina kitu kinachotuliza mtetemo wa mkono. Hiyo haiingii mfukoni mwa kanzu.

Zote zitakutaka uzungushe lenzi kwa mkono, kama zamani. Lakini ukichungulia utaona penye makali, pasipo na ukungu, panawaka rangi nyekundu, na ukitaka utakuza mpaka uone unywele mmoja mmoja.

Kabla sijanunua, tia tochi nyuma ya lenzi uchungulie kama haina kuvu. Hewa ya Mombasa inazila hizo. Na kitu kingine, ami. Mistari ya barua yako inapandana. Mwisho wa ukurasa umeandika juu ya maneno uliyokwisha kuyaandika. Uliandikia gizani?

Mwanao,
Fairuz


Kuze, Mombasa
2 Machi 2024

Binti yangu mpelelezi,

Salaam aleikum, na amani na ije huko kwenye viyoyozi vyenu. Sisi wazima. Ramadhani i mlangoni, Mwanatumu keshanunua tende. Kapunguza kula, asema yuwajizoeza kufunga. Nimemwambia Mungu hapokei funga ya kabla ya mwezi, akanirushia ufagio, hakunipata.

Mistari yapandana kwa sababu naliandikia juu ya goti, na goti langu lina mlima. Lenzi ni safi. Nimetia tochi, nikachungulia, nikaona mpaka Urusi. Yule baharia yuwakusalimu. Na Mgiriki pia yumo, walikuwa wawili, kwani wewe hukusikiliza vizuri.

Mkono wangu hautetemeki. Jirani ndiye yuwatwanga.

Ila mji huu umekosa adabu, Fairuz. Watu wakutokea ubavuni ghafla, hawapigi hodi. Juzi Ngumbao, huyu muuza ndizi wa Marikiti, kanishika bega mbele za watu. "Mzee Gharib, nakupungia mkono kila siku, wanipita kama mlingoti! Nimekukosea nini?" Nikamwambia, "Ngumbao, uso wako nimeutazama miaka mingi, nimeomba likizo." Wapagazi wakacheka. Yeye hakucheka. Na ngazi ya nyumba, wallahi kuna fundi kaja kwa siri akaongeza kidato, maana nimekiangukia. Goti kidogo, na jino moja ambalo halikuwa na kazi. Mwanatumu nimemwambia nalikuwa nafukuza panya.

Ninunulie ile ya tatu. Ukuta siwezi kuubomoa, jirani yuwalala upande wa pili. Mfuko wa kanzu nitashonesha mwingine. Nakitaka hicho kitundu kinachokuza. Na hiyo rangi nyekundu iwe nyekundu ya kweli, si ya kuona haya.

Usichelewe.

Ami yako,
Gharib


Ruwi, Maskati
20 Aprili 2024

Ami yangu,

Shikamoo, na Idi yenu iwe ilikuwa ya heri. Mimi nilisali na wanawake wa jengo letu, tukala halua, nikalia kidogo, nikalala.

Kamera anayo Mzamil, imefungwa ndani ya vitambaa vyeusi. Alikawia kwa ajili ya mfungo, usimgombeze. Pete nimekwisha kuifunga, wewe skurubu lenzi tu. Nimeiamuru ikubali kupiga bila lenzi, na hapo usipaguse. Lenzi ya zamani haina njia ya kuzungumza na kamera, kwa hivyo kamera hudhani mbele pako wazi na hugoma kufanya kazi.

Sasa neno moja. Babu, baba yako, nilimshika mkono mimi kumpeleka msikitini, nikiwa mdogo. Alikuwa akilalamika kwamba watu wanamtokea ubavuni. Maneno hayohayo, ami. Macho yako yakoje? Nijibu hilo tu, hata usipojibu mengine.

Fairuz


Kuze, Mombasa
26 Mei 2024

Fairuz binti yangu,

Salaam aleikum. Idi ilipita salama. Mwanatumu alipika biriani la kulisha mtaa, mwenyewe kala vijiko viwili, asema mpishi hushiba harufu. Paka kahamisha watoto, kawatia ndani ya viatu vyangu.

Kamera imefika, nimeificha kwenye pipa la mchele. Harusi imefungwa: lenzi, mzee mwenye mvi, kaozwa kamera kigoli kwa pete ya chuma, na bi harusi yuwasema ati hamwoni bwana! Nimecheka peke yangu mpaka Mwanatumu akauliza kuna nini. Nikamwambia nimekumbuka mazishi.

Sasa nikupe habari. Mwanatumu alikuwa jikoni, kanipa mgongo, mimi mlangoni na kamera. Akageuka kidogo kuchukua chumvi. Nikakuza. Fairuz, naliuona unyusi wake. Unywele mmoja mmoja, wawaka wekundu pembeni kama ulivyosema. Na ile alama ya tetekuwanga juu ya jicho, nalikuwa nimesahau kama ipo. Sikubonyeza. Bila ruhusa yake sibonyezi, hilo tuliahidiana zamani. Nalitazama tu, mpaka shingo ikakaza. Akikaa mbele yangu mkekani simwoni vile. Yaani namwona, lakini si vile.

Ila umeuziwa pete mbovu. Nimejaribu kupiga ukuta wa jirani, na paka, na kamba ya nguo, na picha zote zimeliwa kandokando. Katikati safi, pembeni kiza kimezunguka, kama nachungulia ndani ya bomba. Kwenye kamba naona nguo moja, na najua Mwanatumu alianika za wiki nzima. Nakurudishia lenzi, na pete, na kile kikadi chenye picha. Kamera nabaki nayo. Tengeneza upesi, mpe Mzamil huyuhuyu arudi nayo. Upesi, Fairuz.

Gharib


Ruwi, Maskati
22 Juni 2024

Ami,

Shikamoo. Nawasalimu nyote. Sina habari za kuchekesha leo.

Nimefungua kikadi chako kwenye kompyuta kubwa ya dukani. Ukuta wa jirani ninauona mpaka kwenye ncha zake zote nne. Paka ana watoto watatu na wa nne yuko pembeni kabisa, anakula mkia wa mwenziwe. Kamba ina nguo zote, leso za Ma Mwanatumu, kikoi chako, foronya. Hakuna kiza. Nikafunga lenzi yako kwenye kamera nyingine, nikapiga barabara ya Ruwi. Safi. Pete haina kosa. Lenzi haina kosa.

Kiza kiko machoni mwako, ami, na wewe wajua. Nimemuuliza daktari anayekuja kununua hapa. Amesema hiyo ni presha ya macho, hutembea kwenye damu ya familia, huanza kula pembeni na kwenda katikati, na kilicholiwa hakirudi. Lakini kilichobaki kinaweza kulindwa kwa dawa ya matone, mtu akiwahi.

Kwa hivyo nimeamua, na unisamehe. Lenzi naiweka hapa. Siku utakayoniandikia daktari wa macho amekwambia nini, siku hiyo nampa Mzamil. Ukitaka kuniita sina adabu, niite. Lakini nenda.

Fairuz


Kuze, Mombasa
29 Septemba 2024

Fairuz,

Salaam aleikum. Mwandiko huu ni wa Mwanatumu, maneno ni yangu, na nimemwapisha asiongeze chumvi.

(Mimi Mwanatumu. Nitaongeza ninapotaka.)

Umeona. Tu wazima. Kuze wametia taa mpya njiani, naambiwa zapendeza.

Ulipopiga simu huyu akakwambia niko barazani, kweli nalikuwako. Nalikaa pale miezi mitatu nimekununia. Nalisema, mtoto niliyemfundisha kufunga kiatu leo yuwanifungia lenzi yangu kabatini? Siendi kwa daktari, na aone. Nikawa natazama kwa kamera bila lenzi. Wajua nini huonekana? Weupe tu, kama maziwa. Asubuhi moja nikaamka, nikamwuliza Mwanatumu kwa nini hajafungua dirisha. Akasema lilikuwa wazi.

(Nilijua tangu zamani. Alikuwa akinisalimu kabla sijaingia, kwa kusikia kiatu. Nikawa nakiburuta makusudi.)

Tukaenda. Daktari ni mama mmoja wa bara, jina lake Jael, sauti nzuri. Nikamsifu, nikamwambia, "Daktari, umependeza na koti jeupe." Akasema, "Mzee, mimi niko upande huu. Hilo ni koti tu, limetundikwa." Akacheka, nikacheka, Mwanatumu hakucheka. Akanitia taa kila jicho. Akasema la kushoto limekwisha. La kulia limebaki tundu kama la sindano, nalo matone yatalishika labda, labda hayatalishika. Nikamwuliza kama ningekuja mwezi wa tano. Akazima taa yake kwanza. Kisha akasema, "Ungekuwa na kitu cha kulinda."

Sikwandikii haya ili uumie. Naandika kwa sababu ulisema siku nikikuandikia alilosema daktari utaileta lenzi. Hayo ndiyo aliyosema. Ilete.

Waweza kuuliza ya nini sasa. Hizo lenzi zenu mpya zazunguka bila mwisho, hazina alama. Yangu ina namba zimechongwa kwenye pete yake, umbali wa mtu, na vidole vyangu vyazijua. Mtu hahitaji jicho kwa lenzi yenye adabu.

(Na mimi nimekubali kukaa mbele ya kamera. Amechoka kuomba. Asiniulize kwa nini leo.)

Gharib, kwa mkono wa Mwanatumu


Kuze, Mombasa
24 Novemba 2024

Fairuz binti yangu,

Salaam aleikum. Sisi tu vile vile. Lenzi imefika, na barua yako ya kuomba radhi nimesomewa mara moja, inatosha, usiniandikie nyingine ya namna hiyo. Mimi mkaidi, wewe mkaidi, tumetoka tumbo la ukoo mmoja.

Tumepiga picha. Wallahi nisikilize kazi ilivyofanywa.

Asubuhi, chumba cha juu, ukuta wa jirani ukiwa umepigwa na jua na kuurudisha mwanga kwetu, mpole, hauna ukali. Ule mwanga nauhisi shavuni, siuoni. Mwanatumu kwenye kigoda, mimi kwenye sanduku. Umbali nikaupima kama muuza vitambaa, kwa mkono, kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono miwili ndiyo mita moja, waulize Wahindi wote wa vitambaa. Mkono wa kwanza kutoka kwenye kamera, wa pili ukafika usoni kwake. Nikamgusa shavu. Nikamwambia, "Mwanatumu, umekuwa kigoli tena, mfupa mtupu!" Akacheka. Nikazungusha pete ya lenzi mpaka kwenye mita moja, yeye akanisomea namba kuhakikisha. Tundu la lenzi nikalibana, ili nikikosea kidogo lisamehe.

Nikamwambia, "Toa leso mdomoni."
Akasema, "Wajuaje kama imo?"
"Sauti yako ina nguo."
Akaitoa.

Nikamwuliza, "Leo u mzuri?" Akasema, "Leo piga tu, Gharib." Nikabonyeza mara moja. Filamu ilinifundisha hivyo.

Kikadi anacho Mzamil. Mimi sitaiona, na Mwanatumu asema hataki kujitazama. Kwa hivyo jicho ni wewe. Niandikie kilichomo. Simu sitaki, maneno ya simu huisha. Barua nitasomewa tena na tena. Usinipambe, Fairuz. Mimi nimewapamba watu maisha yangu yote, najua kazi hiyo. Niambie kweli ilivyo.

Gharib

(Mimi Mwanatumu. Ukiona imeharibika mwambie ni nzuri.)


Ruwi, Maskati
20 Desemba 2024

Ami yangu,

Shikamoo. Mikono yako naibusu, hasa ule mkono uliopimia.

Umepatia. Makali yamekaa kwenye macho, hasa. Unyusi ninauona unywele mmoja mmoja, na alama ya tetekuwanga ipo mahali pake. Nyuma ukuta umelainika, hauna kelele. Mwanga umekuja kutoka kushoto na kuteremka kwenye pua kama ulivyokuwa ukinifundisha. Hakuna mtu dukani hapa ambaye angefanya vizuri zaidi. Mwenye duka ameitazama kwa muda mrefu, akanipa kiti.

Uliniambia nisikupambe. Nimekaa na barua hii siku nyingi, kwa sababu kila neno nitakalokwambia lazima lipite mdomoni mwa Ma Mwanatumu. Kwa hivyo sasa nasema na wewe, Ma. Msomee au usimsomee, amri ni yako.

Macho yako ni ya manjano. Si kwa mwanga, nimepima weupe wa ukuta, ukuta ni mweupe. Ngozi pia. Mashavu yameingia ndani, na shingoni naona mifupa ambayo sikuwahi kujua unayo. Leso umeifunga mara mbili ili isianguke. Kwa simu kila nikikuomba uwashe picha, husema simu imeharibika. Mkate ukaungua mwaka mzima. Ulikuwa unafichwa na macho ya ami, na buibui, na mimi nilikuwa mbali.

Una nini, Ma? Umekwenda kwa nani? Nimeomba ruhusa ya kazi. Niambieni nije lini.

Fairuz


Kuze, Mombasa
12 Januari 2025

Fairuz,

Salaam aleikum. Leo sina habari za paka.

Alisoma. Alipofika pale ulipomwita, nikasikia akihesabu kurasa zilizobaki. Nikamwambia, "Kama ni ndefu, ruka." Akasema, "Siruki." Akasoma yote mpaka jina lako, kwa sauti ileile anayonisomea bei za Marikiti.

Nikamwuliza, tangu lini? Akasema tangu kabla ya mfungo uliopita. Nikamwuliza, kwa nini hukuniambia? Akasema, "Na wewe ya macho uliniambia lini?" Nikatafuta viatu vyangu.

Tukaenda hospitali, mimi nimeshika mkono wake, sijui nani akimwongoza nani. Ni uvimbe wa ini. Wamesema umeenea, ungekuwa mdogo wangekata, sasa si wa kukata. Wametupa dawa ya maumivu. Mwanatumu aliwashukuru mpaka wakaona haya.

Nalitaka uso wake kabla sijapofuka. Nimeupata baada, na ni uso wa mgonjwa, na uko Maskati. Usiuchape. Ama uchape, sijui. Amua wewe, mimi sina la kusema juu ya picha tena. Naambiwa ni manjano na mifupa, nami kichwani mwangu yuwageuka kuchukua chumvi, unyusi wawaka. Siku akifa hakuna kitakachobadilika mbele yangu. Kwangu mimi atakufa kwa sauti.

Njoo.

Gharib

(Mimi Mwanatumu. Hilo la mwisho nilikataa kuliandika, kisha nikaliandika. Fairuz mwanangu, tangu tutoke hospitali ami yako hatanii. Amekaa tu akisikiliza niko wapi. Kwa hivyo naongea kutwa: sasa nakata kitunguu, sasa nakunja kikoi chako, sasa nakaa. Nikinyamaza nipumzike kidogo hushtuka, huniita kwa jina, huanza kupapasa mkeka. Nguvu za kusema hivyo kila siku sitakuwa nazo. Wewe njoo mapema, nikiwa bado nipo, ukae naye mkekani. Uje umzoeze kimya.)